Mkono gani huo?
Mimi ni mashoto, na mpaka leo, na mvi hizi, nikimpa mtu pesa hunitazama kama nimemtukana. Juzi sokoni Darajani namnyooshea muuza pweza noti ya elfu kumi, kaukunja mkono wake: "Mkono gani huo, sheikh wangu?" Haya, nikahamisha kikapu, nikahamisha noti, pweza akaniponyoka mpaka chini. Watu wakacheka.

Chuoni, kwenye Kurani, ndiko nilikochapwa zaidi. Na Kiarabu huandikwa kutoka kulia, mkono wangu ulikuwa ukiukimbia wino! Skuli, kwa Kiswahili, ndiko nilikokuwa nikiufuta kwa kiganja. Daftari madoa matupu, ubavu wa kidole cha mwisho buluu tupu. Kula nala kwa kulia, sibishi. Lakini kalamu, jamani?