Nani Anayekijibia Kitabu?

Tangu akili mnemba ianze kutunga kitabu kizima kwa muda wa kunywa kahawa, nimewasikia walimu na washairi wa hapa Tanga wakisema kwamba dawa ni kuwarudia wachapishaji, kwa kuwa wao ndio wanaochuja. Hofu yao naielewa, kwani mimi ni mhariri na miswada ya namna hiyo inanifikia. Hata hivyo, sikubali kwamba mchapishaji, kwa kuwa mchapishaji tu, ni dhamana ya ubora.

Mji huu una sababu ya kulijua hilo. Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui, jirani na mji huu, mwaka 1909, aliandika katika zama ambazo miswada ya shule ilipaswa kupata idhini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili walikuwa wa kuhesabika. Baadhi ya kazi zake zilichapishwa mbali, Johannesburg. Nyingine zilitoka hapa hapa Tanga kwa juhudi zake mwenyewe. Nyingine zikasubiri hadi alipokwisha kufariki mwaka 1962. Kama idhini ya wakubwa ingekuwa ndiyo kipimo cha pekee, fasihi yetu ingekuwa maskini sana. Kwa upande mwingine, vitabu vya kiada vilivyopitia ngazi zote rasmi viliondolewa shuleni mwaka 2017 kwa sababu ya makosa yaliyokuwamo.

Lakini kuacha kila kitu kipite nako kuna hatari, na hatari yenyewe ni ya uhai. Mwaka 2023 wataalamu wa uyoga wa New York walitoa tahadhari juu ya miongozo ya uyoga wa porini iliyouzwa kwenye duka la mtandaoni la Amazon na kushukiwa kuwa imeandikwa na mashine, kwa kuwa anayekosea uyoga anaweza kufa. Septemba ya mwaka huo Amazon iliweka kikomo cha vitabu vitatu kwa siku kwa kila anayejichapishia, ikamtaka pia aieleze kampuni kama kazi yake imetungwa na akili mnemba. Mnunuzi, ambaye ndiye atakayeumia, hakuhakikishiwa kuambiwa. Sijui mwandishi yeyote anayemaliza vitabu vitatu kwa siku.

Niliwahi kuletewa muswada wa historia ya mkonge, zao lililoujenga mkoa huu, uliosema kwamba mkonge uliletwa na Waingereza. Sarufi haikuwa na dosari na aya zilipangika vizuri. Ukweli ni kwamba uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche michache iliyonusurika safarini, 62 kati ya 1,000, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, miaka mingi kabla Waingereza hawajaitawala nchi hii. Nilipomuuliza aliyeuleta ameitoa wapi habari yake, hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwa ameitafuta. Mashine ilimwandikia naye akaamini. Kosa la tarehe au la jina hurekebishika. Kilichonisikitisha ni kukosekana kwa mtu wa kuulizwa.

Kwangu mimi thamani ya mchapishaji mzuri inaanza baada ya muswada kukubaliwa, pale mhariri anapobishana na mwandishi juu ya sentensi moja, anapodai ushahidi, anapompelekea muswada mtu aliyeishi na jambo linaloandikwa. Mchapishaji asiyefanya hivyo, na kwa masikitiko wapo, ni mpiga chapa tu mwenye nembo. Na mtu anayejichapishia akiyafanya hayo kwa uaminifu, kitabu chake kinastahili heshima ileile. Nambari ya ISBN, ambayo wasomaji wengi huidhania kuwa cheti, haithibitishi lolote: Bodi ya Huduma za Maktaba huitoa ili kitabu kitambulike, na kuihakiki kazi yenyewe si shabaha ya nambari hiyo.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba kila kitabu cha Kiswahili, kiwe cha kampuni au cha mtu binafsi, kitaje kwenye ukurasa wa hakimiliki jina la mhariri wake, jina la mjuzi wa mada aliyekipitia, na kama mashine imetumika, imetumika wapi. Anayejichapishia na awalipe watu hao kabla hajamlipa mchora jalada. Maktaba na maduka yetu nayo yaufungue ukurasa huo kwanza kabla ya kukipokea kitabu, na pasipo na jina la mtu wa kuulizwa, yakirudishe.