Bibi Zedi na Milioni Zake Kumi na Moja

Kibirizi, mwalo wetu wa uvuvi hapa Kigoma, wakati wa mbalamwezi huwa kimya. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka hawana habari na taa ya mtu, basi mitumbwi inapumzika na watu wanashinda nyumbani. Ndiyo siku kikundi chetu cha kukopeshana kinapogawa barua za madeni. Mdaiwa hana pa kusingizia.

Mimi ni katibu, kwa kosa la kumiliki laptopu. Mwezi ule nilichoka kuandika barua moja moja, nikatengeneza makro kwenye Excel, yaani orodha ya maagizo ambayo Excel inayafuata yenyewe: ipite jina kwa jina kuanzia A, ijumlishe mkopo na faini, ichape. Kila mwanachama ana namba ya hali: 1 anaendelea kulipa, 2 amechelewa, 3 amemaliza. Nikaandika kwa madaha kwamba barua imwendee aliye 1 au 2:

If hali = 1 Or 2 Then

Nikaijaribu kwa jina la kwanza tu, la binamu yangu. Shilingi 40,000, sawasawa na daftari! Nikaiachia ipite majina yote 47, nikampa kijana wa bodaboda bahasha, nikaenda zangu kula ugali wa muhogo na migebuka.

Sijamaliza tonge la tatu, binamu akapiga. "Kaka, hii 80,000 imetoka wapi?"

"Faini," nikamjibu. Mungu anisamehe, ndilo neno lililokuwa karibu.

Jioni akaja bibi mmoja ambaye jina lake ni la mwisho kwenye orodha. Tumwite Bibi Zedi. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Akakaa kwenye benchi, akafungua pindo la kitenge, akatoa barua.

"Mjukuu wangu, mimi deni nilimaliza tangu masika. Sasa nisomee hapa, maana macho yangu yameona mambo."

Nikasoma. Shilingi 11,680,000.

"Nimekula na nani?" akauliza. "Babu yako tangu mchana ananiuliza nyumba nimejenga wapi. Anadhani iko mtaa wa Mwanga."

Usiku nikaifungua makro, nikabonyeza F8 ili iende mstari kwa mstari nikiitazama. Kosa la kwanza lilikuwa kwenye lile sharti. Ukimwambia mtu "aliye 1 au 2" anakuelewa. Excel haikuelewi hivyo. Inauliza kwanza kama hali ni 1, halafu inaikuta ile 2 imesimama peke yake, na kwake namba yoyote isiyo sifuri ni kweli. Kwa hiyo sharti langu lilikuwa kweli kwa kila kiumbe, hata waliomaliza. Ilipasa niseme hali = 1 Or hali = 2, kama ninayemwelekeza mtoto mkaidi.

Hilo peke yake lingempelekea bibi barua ya shilingi sifuri, tukacheka. La pili ndilo lililomjengea nyumba. Kigeu cha jumla, yaani kisanduku ambamo makro inaweka hesabu yake, nilikitangaza juu kabisa ya moduli, ule ukurasa wa maagizo, ili sehemu inayokokotoa na sehemu inayochapa zote zikione. Kigeu cha pale juu hakijisafishi chenyewe. Kinabaki na kilichomo hata makro ikimaliza kazi. Nami sikukirudisha sifuri kwa kila jina. A akamwachia deni lake B, B akamwachia C, likazidi kunenepa kwenye foleni, mpaka likamwangukia Bibi Zedi la kikundi kizima. Na ile 40,000 ya majaribio haikwenda popote: ilikuwa imekaa humo ikimsubiri binamu. Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa elfu arobaini.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, jumla = 0, kila jina linapoanza.

Asubuhi nikazunguka kuomba radhi mlango kwa mlango. Nyumbani kwa Bibi Zedi nikamkuta mhazini wetu kafika kabla yangu, kachuchumaa mlangoni. Wiki tatu alikuwa ananidai jumla ya madeni yote ya kikundi, na ameambiwa kuna karatasi inayo.

"Toa humo ile 40,000 ya majaribio," nikamnong'oneza.

Akatoa, akalinganisha na daftari lake. Ikakaa barabara. Akaomba aondoke na barua akaifungie kwenye faili.

"Deni si langu," Bibi Zedi akasema, akiifunga tena kwenye pindo la kitenge, "lakini karatasi ni yangu. Babu yenu leo kanitekea maji mwenyewe."