Tenki la petroli lilale wapi?

Kila tenki la mafuta linapolipuka Afrika Mashariki, pendekezo la kwanza huwa lile lile: magari haya yapigwe marufuku kutembea usiku. Silibezi. Usiku wa Desemba 10, 2016, huko Karai karibu na Naivasha, lori lenye kemikali inayowaka lilifika kwenye tuta likamshinda dereva, likayavaa magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 walikufa.

Gizani tuta unaliona ukiwa umeshalifikia, na mzigo wa majimaji haukusamehe. Tenki lililojaa nusu ndilo baya zaidi. Ukikanyaga breki, mafuta yanakimbilia mbele na kulisukuma gari wakati wewe unadhani umeshasimama. Kwenye kona yanahamia upande mmoja na kulivuta lipinduke. Hapo ongeza usingizi wa saa tisa usiku, na lori bovu lililoachwa katikati ya njia kwa alama ya matawi tu.

Lakini madereva wanaoipinga marufuku hii nao wana hoja nzito. Usiku barabara ni nyeupe: hakuna bodaboda, hakuna watoto wa shule wanaovuka. Ajali ya Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ilitokea asubuhi. Kwa maelezo ya wakati ule, tenki lilipinduka likimkwepa mwendesha bodaboda. Watu wakakimbilia mafuta na madumu, moto ukawakuta pale pale, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mchana ndio unaoleta umati.

Hapa ndipo mjadala wetu unapoishia mapema mno. Marufuku inalitoa tenki barabarani, lakini petroli inabaki ndani yake, na lazima lilale mahali. Tazama foleni ya Tunduma magari yanaposubiri kuvuka kwenda Zambia. Kibao cha rangi ya chungwa nyuma ya tenki kimeandikwa 33 juu na 1203 chini, maana yake petroli, kimiminika kinachoshika moto kwa haraka sana. Hatua chache kutoka hapo dereva amechutama chini ya trela anasonga ugali kwenye jiko la mkaa. Simlaumu. Amekaa foleni siku kadhaa, na chakula lazima apike.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautawanyiki juu. Unatambaa chini chini mpaka ulikute jiko. Wengi hudhani tenki likishashusha mzigo hatari imekwisha. Kinyume chake, lile tupu limebaki na mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka kwa cheche ndogo.

Kuna pia suala la hela, ambalo matajiri wa magari hawapendi liguswe. Dereva anayelipwa kwa safari, akiambiwa jua likizama asimame, atafukuza kilomita mchana ili asipoteze siku. Ukimfungia usiku bila kubadilisha malipo yake, umemwongezea mwendo kasi saa ambazo barabara imejaa watu.

Kwa hiyo naunga mkono matenki yalale, kwa sharti kwamba yadi zitangulie: zenye uzio, mbali na nyumba, zenye vizima moto, maji na jiko lililotengwa. Gharama ibebwe na wenye mzigo na wenye magari, si na dereva kwa posho yake. Kabla yadi hazijawepo, ningeanza na katazo fupi zaidi, saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, muda ambao usingizi unaua. Hapo dereva aliyecheleweshwa Mikumi jioni atapata saa za kutosha kufika penye taa, badala ya kuegesha lita elfu thelathini na kitu mbele ya kibanda cha mama ntilie.