Mama mkwe juu ya mashini

Mashini yetu ya kufulia, ile ya kufungulia juu, ina msimamo mmoja: kifuniko kikiwa wazi itafua, maji itamwaga, lakini kukamua itakataa. Na ina haki. Ngoma ikikamua inazunguka mamia ya mara kwa dakika, na mtoto akitia mkono humo mtaenda hospitali na mkono kwenye beseni. Kwa hiyo chini ya ukingo wa juu kumefichwa swichi ndogo ya plastiki. Kifuniko kikishuka, kidole chake kinabonyeza ulimi wa swichi, umeme unapita, ngoma inaruhusiwa kukimbia. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti.

Sasa hapa Goma kifuniko hakipumziki. Bomba letu linatoa upepo kuliko maji, basi tunaijaza mashini kwa bidoni: fungua, mimina, funga. Fungua tena, soksi ya Junior imesahaulika. Funga. Paa! Paa! Isitoshe, uwanja wetu wote ni mawe aliyotumwagia Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, mwaka 2002. Weka mbao chini ya miguu, weka kigae, haisaidii. Mashini ikianza kutetemeka inatembea kuelekea jikoni kama mgeni aliyesikia harufu ya sombe. Kifuniko nacho kikapinda kidogo kidogo, na hakuna aliyekiangalia.

Ikafika siku ikafua vizuri, ikamwaga maji, ikasema "tak", ikanyamaza. Mashuka yakatoka yamelewa maji. Mke wangu aliyakamua kwa mikono huku akiniangalia mimi, si mashuka.

Kartie nzima ikaja kupima mgonjwa. Jirani wa kushoto: fuzi imeungua. Taa ya mashini inawaka, lakini fuzi imeungua. Mlinzi akasema umeme wa siku hizi hauna nguvu. Binamu yangu ndiye aliyekuja na hukumu kamili: moteri imekufa, na kwa bahati anamjua mtu mwenye moteri ya okazio, iliyokwisha tumika, dola 80, tena kwa sababu ni mimi. Nikamuuliza, moteri iliyokufa inafuaje nguo nusu saa nzima? Akanijibu kwamba imekufa upande mmoja.

Nilikuwa bado nabishana na huo upande mmoja alipofika mama mkwe kutoka Minova, na mfuko wa maharage na jasho la safari. Kivuli pekee uwanjani kilikuwa pale kwenye mashini. Akaketi juu yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba mke wangu alikuwa ameiacha kwenye kukamua, na plagi bado iko ukutani.

Vuuuuuu!

Goma mtu akisikia kitu kinatetemeka chini yake haulizi swali la mashini. Mama aliruka chini akipiga kelele, "Mulima umeamka!" Jirani wa kushoto, ambaye mlima ulipolipuka mwezi wa tano 2021 alikimbia hadi Sake bila viatu, safari hii alitoka na viatu, na godoro, na redio. Ilibidi tumwonyeshe kilele cha mlima, kimetulia na wingu lake.

Mama aliposhuka, mashini ilinyamaza. Akaipapasa. Akaketi tena taratibu. Vuuuuu. Akashuka. Kimya. "Eeeh," akasema, "hii mashini iko na heshima. Inajua mukubwa."

Pale mimi nikawa nimeelewa ugonjwa wote: uzito wake ulikisukuma kifuniko chini ile milimita moja au mbili iliyokosekana, na ulimi wa swichi uliochoka ukabonyea. Moteri haina shida, binamu apeleke dola 80 kwingine. Lakini nani wa kumwambia mama mkwe shuka? Mkwe hasemi neno hilo. Hata "panda" hasemi. Mke wangu, kwa kuwa ni mama yake, aliona nafasi: kila siku ya kufua, chai ya maziwa, mandazi, na "Mama, njoo ukae hapa kidogo upumzike." Mashuka yalikauka vizuri sana wiki hizo. Mimi nilipita uwanjani nikiangalia miguu yangu.

Mwishoni nikaita fundi. Alichomoa plagi, akafungua ukingo, akatoa swichi, akaweka testeri kwenye nyaya. Akabonyeza ulimi: kimya. Akabonyeza kwa nguvu za kuua mende: piii, kisha kimya. Ndani, vidude vya shaba vilikuwa vyeusi, vimeungua. Hadi hapo nilimpenda.

"Hii hapa Goma haipatikani," akasema. "Tunapiga direkti."

Yaani kufunga nyaya mbili pamoja, mashini iamini kifuniko kimefungwa milele. Nilisema hapana, nikasema watoto, nikasema mikono. Wakati nasema, yeye alikuwa ameshazungusha tepu nyeusi na kurudisha plagi. Ngoma ikaanza kukimbia, kifuniko wazi, upepo unatoka. Mama mkwe akasogea aone ajabu hiyo. Akainama. Ncha ya kitambaa chake cha kichwa ikaning'inia.

Frrrp.

Kitambaa kikaenda. Shukuru Mungu alikuwa amekifunga kilegevu, kikateleza bila kuvuta shingo. Lakini mama mkwe sasa alikuwa kichwa wazi, mvi zote nje, mbele ya mkwe wake! Nikageukia ukuta haraka hadi nikaipa nguzo ya kamba ya nguo paji la uso. Nyuma yangu fundi anashangilia: "Iko bien! Inakamua!"

Mama hakuniambia kitu. Alimwambia binti yake, nami nikiwa hatua mbili: "Umuambie bwana yako atafute kile kidude."

Sokoni Birere walinipa kwanza swichi ya mlango wa friji, halafu ya taa ya mlango wa gari. Niliyoitaka ilitoka kwenye maiti ya mashini nyuma ya duka: ulimi upande uleule, nyaya idadi ileile, matundu ya skurubu yanalingana. Niliipima palepale kwa testeri. Bila kidole, kimya. Kwa kidole chepesi, piiiii. Nyumbani nilichomoa plagi, nikapiga picha nyaya kabla ya kuzigusa, nikatoa tepu ya yule bwana, nikafunga mpya, nikakaza na bawaba za kifuniko ili kidole kishuke mahali pake. Kazi ya muda wa chai moja. Ukifungua kifuniko sasa, ngoma inafunga breki.

Fundi alileta karatasi ya hesabu: kufungua, kupiga direkti, na kutoa kitambaa kwenye ngoma, dola 5. Mama mkwe aliisoma mstari kwa mstari. Kisha akamwambia binti yake amwambie bwana yake amwambie fundi apite kwake mwenyewe achukue hizo dola 5.

Fundi hajapita.