Kenya na Italia kwa Macho ya Malindi

Katika miji mingi ya Kenya Italia ni jina la timu ya mpira na aina ya viatu. Kwetu Malindi, Italia ni jirani. Kijana anayeuza vinyago ufuoni husema Kitaliano kilichonyooka kuliko Kiingereza alichosomeshwa darasani, na muuza samaki anajua kiwango cha yuro cha asubuhi hiyo kabla hajajua bei ya nguru. Ujirani huu ulianza pale Waitaliano walipojenga mitambo yao ya kurushia setilaiti baharini, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, katika miaka ya 1960. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ndipo iliporushwa ile iliyopewa jina la Uhuru. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wastaafu na vila zao.

Kwa hiyo hapa kwetu kuilinganisha Kenya na Italia si zoezi la shule. Ni mazungumzo ya barazani, na yana pande mbili zinazojulikana. Upande mmoja husema kwamba Italia imeshatupita kwa umbali ambao hatutaufikia, na kwamba kijana mwenye akili ni yule anayetafuta njia ya kwenda. Upande wa pili, ambao mara nyingi ni wa watu wazima waliowahi kufanya kazi katika majumba ya Waitaliano, husema kwamba yuro ni kubwa hapa tu, na kwamba mzee tunayemwona akiagiza kamba wa kuchoma kila jioni, akiwa kwao anahesabu senti. Upande huu wa pili huchekwa. Huambiwa ni yale ya sungura, sizitaki mbichi hizi. Mimi naona wenye kauli hiyo wanaonewa, kwa kuwa takwimu ziko nao zaidi kuliko wenyewe wanavyojua, ingawa kuna mahali zinawaacha.

Hesabu ya juu juu tunaijua. Italia ina kilomita za mraba zipatazo 301,000 na watu karibu milioni 59; Kenya ina kilomita za mraba 580,000 hivi, na sensa ya mwaka 2019 ilitukuta milioni 47.6. Pato la taifa likigawanywa kwa vichwa, kila Mwitaliano anapata zaidi ya dola 38,000 kwa mwaka, na kila Mkenya kiasi cha dola 2,000. Hiyo ni karibu mara ishirini, na mara ishirini ndiyo inayowafanya vijana wakose usingizi.

Lakini dola hizo zimehesabiwa kwa kiwango cha kubadilishia fedha, na kiwango hicho hakijui bei ya kunyoa nywele. Kinyozi wa Milano humtoza mteja yuro ishirini na zaidi, ambazo kwetu ni shilingi elfu tatu. Wa Malindi hutoza shilingi mia moja au mia na hamsini, na kichwa ni kile kile. Wachumi wanapolipima pato hilo kwa vitu linavyoweza kununua nyumbani, pengo la mara ishirini hushuka hadi kama mara tisa. Mara tisa bado ni pengo kubwa, lakini zaidi ya nusu ya tofauti inayotutia wivu imeyeyuka kwa kubadilisha kipimo tu. Mstaafu mwenye yuro elfu moja kwa mwezi, akiwa Milano, kodi ya nyumba peke yake humla nusu au zaidi. Akishuka Malindi ana shilingi laki moja na nusu, anaajiri mpishi na mtunza bustani, na sisi tunamwita tajiri. Hakudanganya mtu. Ni sisi tuliompima kwa kipimo cha soko letu tukadhani tumeipima nchi yake.

Takwimu ninayoirudia zaidi, hata jamaa zangu wamechoka nayo, si ya fedha. Ni ya umri. Wapange Wakenya wote kwa mstari kuanzia mtoto mchanga hadi ajuza, umtazame aliye katikati: ana miaka ishirini hivi. Fanya hivyo Italia, aliye katikati ana takriban miaka arobaini na minane. Nchi moja iko katika umri wa kumaliza shule na nyingine iko katika umri wa kuanza kuuliza habari za pensheni. Ukilinganisha mali ya mtu wa miaka arobaini na minane na ya kijana wa ishirini, utashangaa ukikuta kijana ndiye mwenye nyumba.

Na mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1964 Italia ilizaa watoto zaidi ya milioni moja. Mwaka 2023 ilizaa pungufu ya 380,000, na katika mwaka huo huo ilizika watu zaidi ya 650,000. Umri wa kustaafu wa kawaida kule ni miaka 67, na pensheni hulipwa kwa makato ya wanaofanya kazi wakati huo, si kwa fedha zilizowekwa kasikini miaka arobaini iliyopita. Basi wale milioni wa 1964 watafikia kustaafu mwaka 2031, na watoto wa 2023 watakuwa na miaka minane. Nani atakatwa mshahara? Deni la taifa tayari limezidi pato lote la mwaka kwa theluthi moja na zaidi, na pato la kila mtu, ukiondoa mfumuko wa bei, halikusogea kwa miongo miwili kuanzia mwaka 2000. Serikali ya Roma inalijua hili. Ndiyo maana, pamoja na kelele zote za siasa dhidi ya wahamiaji, iliidhinisha nafasi 452,000 za wafanyakazi wa kigeni kwa miaka ya 2023 hadi 2025, na ndiyo maana mwanamke wa kigeni anayemlea mzee wa Kitaliano, badante kama wanavyomwita, amekuwa mtu wa kawaida katika kila mtaa.

Wanaoisifu Italia hupenda pia kusema kwamba wenzetu wamejaliwa nchi. Hapa ndipo historia inapowakatalia. Italia haikupewa makaa ya mawe ya kutosha wala mafuta ya maana, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni milima na vilima. Mwaka 1952 ilibidi itungwe sheria ya kuwahamisha maelfu ya watu wa Matera, mji wa kusini, kutoka katika mapango walimokuwa wakiishi pamoja na wanyama wao. Mwaka 1946 ilikubaliana na Ubelgiji kupeleka vijana wake kuchimba makaa ya mawe, na moto ulipozuka katika mgodi wa Marcinelle tarehe 8 Agosti 1956, kati ya wachimbaji 262 waliokufa, 136 walikuwa Waitaliano. Wazee waliotangulia kujenga vila hapa kwetu walizaliwa katika Italia hiyo. Hata leo pato la mtu wa Calabria, kusini, halifiki nusu ya pato la mtu wa Lombardia, kaskazini, kama vile kaunti moja ya Nairobi inavyozalisha zaidi ya robo ya uchumi wa Kenya huku majirani zetu wa Tana River wakingoja mvua.

Jiografia ina neno lake, hata hivyo, na Malindi hatuna haja ya kulitafuta mbali. Theluji ya Alpi huyeyuka taratibu na kuulisha mto Po majira ya joto, wakati mashamba yanapohitaji maji. Tope la mto huo na matawi yake ndilo lililotandaza uwanda mpana ambao sasa ni shamba na kiwanda kwa pamoja. Kwetu zaidi ya asilimia 80 ya nchi ni kame au nusu kame, na mvua za bara zikinyesha huja kwa mkupuo. Mto Sabaki huukusanya udongo wa mashamba ya juu na kuumwaga mbele ya macho yetu, bahari ikawa nyekundu, na mgeni aliyekuja kuogelea akahamia Watamu. Wenzetu wamelimbikiziwa tope wakapata uwanda. Letu linatupita, linaharibu ufuo, linakwenda zake. Lakini udongo unaokwenda na maji hushikwa kwa matuta na miti, na hayo ni mambo ya kazi na bajeti.

Sasa niseme yanayoupinga upande ninaoutetea, kwa kuwa yapo na yana uzito. La kwanza ni hesabu ndogo ambayo wanaotegemea ukuaji wetu huiruka. Kenya hukua kwa takriban asilimia tano kwa mwaka na Italia huhangaika kupata moja. Tunasherehekea. Lakini asilimia tano ya dola 2,000 ni dola 100, na asilimia moja ya dola 38,000 ni dola 380. Tunakimbia kwa kasi kubwa zaidi na bado, kwa sasa, pengo la shilingi linapanuka. Na hapo sijaondoa sehemu ya ukuaji wetu inayogawanywa kwa watoto wanaoongezeka. Ujana wetu ni mtaji pale tu kijana anapopata kazi. Asipopata, ule umri wa katikati wa miaka ishirini unakuwa ni mdomo mmoja zaidi kwenye sinia ya mbaazi. Wala waliokwenda nje hawakukosea kwa ujumla: fedha walizotuma Wakenya walio ughaibuni mwaka 2024 zilikuwa karibu dola bilioni 4.9, na nyumba nyingi za barani na za pwani zinaezekwa kwa fedha hizo.

La pili ni zito zaidi, na ndilo linalowaacha wazee wangu wa barazani. Mtoto anayezaliwa Italia hutarajiwa kuishi miaka kama 83. Anayezaliwa Kenya, kama 63. Kinyozi wa bei nafuu hawezi kuturudishia miaka hiyo ishirini. Hakuna kiwango cha yuro cha kuirekebisha, wala kipimo cha uwezo wa kununua kinachoipunguza hadi tisa. Mwitaliano wa Malindi anapobanwa na kifua huwa amekwisha kujua la kufanya: hupewa huduma ya kwanza katika kituo cha kulipia, kisha hupanda ndege kurudi kwao, mahali ambapo tangu mwaka 1978 kuna mfumo wa afya wa taifa unaomtibu tajiri na fukara kwa kodi ya wote. Mlinzi wa vila yake akibanwa na kifua hicho hicho, ndugu huanzisha kundi la kuchangishana kwenye simu. Nimekuwamo katika makundi hayo mara nyingi, na lililopita lilifungwa kabla fedha hazijatimia.

Ndiyo maana naona pande zote mbili za baraza zinabishania mfuko wa mzee huyo, na mfuko wake si kitu cha ajabu. Upande wa pili una haki kusema kwamba yuro zake elfu moja si utajiri. Wanachokosa kuongeza ni kwamba nyuma ya yuro hizo kuna hospitali, maji ya bomba yasiyokatika kwa wiki, na treni, na kwamba vitu hivi havionekani Malindi kwa sababu hakuna mtu anayesafiri navyo. Sisi tumeona vila na bwawa la kuogelea, vitu ambavyo Waitaliano wengi hawana kwao, tukaviita Italia.

Na kijana akiniuliza aende au asiende, humwambia ahesabu makato pamoja na mshahara. Atapokea kiasi ambacho Malindi kinasikika kikubwa, na kodi ya chumba itakipunguza mara moja. Sehemu itakayokatwa kabla haijamfikia itawalipa pensheni wale milioni wa 1964, wakiwamo labda watakaokuja kununua kiwanja karibu na kwao. Sehemu nyingine itamrudia kwa sura ya kadi ya hospitali, na hiyo ndiyo sehemu ya mshahara ambayo hakuna aliyemtajia alipokuwa huku ufuoni.