Msimgongeshe lori mtu mlioshindwa kummaliza

Juzi usiku nimemaliza simulizi moja ya kwenye simu, sehemu 62, nilikuwa naifuata tangu kabla ya mfungo, kila mwandishi akiweka ITAENDELEA roho inaniuma. Kuna dada mule ameolewa na mwanaume anayempiga, anauza vitumbua asubuhi, anaficha hela kidogo kidogo kwenye kopo la unga ili siku nauli ikitimia aondoke zake. Yaani sehemu 61 tunahesabu naye zile hela. Sehemu ya 62 mume kagongwa na lori, kafa, dada karithi nyumba, MWISHO, na chini yake limeandikwa funzo kabisa, kwamba mbaya hulipwa ubaya wake.

Jamani, na zile hela za kwenye kopo?

Nilikasirika mpaka mume wangu akaniuliza kama kuna msiba. Maana mi sijali hadithi ikiisha kwa harusi au kwa kilio, ninachotaka ni mwisho uletwe na mhusika mwenyewe kwa mikono yake, kwa tabia ileile tuliyomjua nayo tangu mwanzo. Lori halikuwemo kwenye hadithi. Kopo lilikuwemo.

Mchukue Okonkwo, yule wa riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, wengi tumekutana naye shuleni, wengine kwa Kiswahili kwenye Shujaa Okonkwo. Nilivyomaliza mara ya kwanza nilimnunia mwandishi wiki nzima. Mwanaume yule, aliyemwangusha Amalinze, mpiga mieleka ambaye miaka saba hakuna aliyemgusisha mgongo chini, ndio aishie kuning'inia kwenye mti nyuma ya nyumba? Nimekuja kurudia ukubwani ndio nikaona. Baba yake, Unoka, alikuwa mtu wa madeni na filimbi yake, akapata ugonjwa wa kuvimba ambao kwao ni chukizo kwa ardhi, hakuzikwa, akapelekwa msitu mwovu akaachwa afie huko. Okonkwo maisha yake yote anamkimbia huyo mzee. Anamkata panga Ikemefuna, mtoto aliyekuwa anamwita baba, kwa kuogopa tu asionekane mnyonge. Anamkata tarishi wa wazungu kwa woga uleule, halafu anasikia watu wake hawamuungi mkono, wanaulizana kwa nini amefanya vile. Anaondoka, anajinyonga. Na kwa mila zao aliyejiua ndugu hawamgusi, lazima wageni wamteremshe na wamzike wao. Umeona alipofika? Palepale kwa baba yake, maiti ambayo watu wake hawawezi kuizika. Kumbe siku zote anakimbia huku anaelekea kulekule, na hakuna aliyemsukuma.

Na Achebe bado hajamaliza. Yule mkuu wa wilaya mzungu anaondoka anawaza kitabu anachotaka kuandika, anaona huyu marehemu anaweza kumpatia aya moja nzuri. Sisi tumetoka kuishi naye sura 25, yeye anampa aya. Pale ndipo nililia, sio kwenye mti.

Haya, miisho ya furaha inayoridhisha nayo ipo, sibishi. Kusadikika ya Shaaban Robert inaisha vizuri, mshtakiwa Karama anaachiwa na wale wajumbe sita waliofungwa kabla yake wanatolewa kifungoni. Lakini Karama amesimama barazani siku sita anajitetea kwa maneno yake mwenyewe, mfalme hakuamka tu asubuhi moyo umelainika. Na hadithi inayoishia njiani bila jibu sina ugomvi nayo, mradi swali linalobaki liwe lilelile tulilokuwa tunajiuliza.

Ila hilo la kuandika funzo mwishoni muache. Bibi yangu alikuwa anatutambia hadithi za sungura na fisi usiku umeme hakuna, akifika mwisho anasema hadithi imeishia hapo, anavuta kanga anageukia ukutani. Tunabaki gizani tunabishana sisi kwa sisi, fisi kaonewa, hajaonewa, mpaka usingizi unatuchukua. Asubuhi tunaendelea kubishana kisimani.

Mwandishi wa ile simulizi anajua kuandika, hiyo ndio inayoniuma. Sehemu ya 58 yule dada alimwaga hela kitandani akazihesabu mara mbili kwa kidole huku sikio lipo mlangoni, zikawa 34,000, nauli ya kwenda kwao imebaki 4,000 tu. Vitumbua vya siku mbili.