Mshereheshaji Awe Ameuona Mchezo

Mwaka huu niliombwa kusherehesha usiku wa tuzo za vikundi vya maigizo hapa Amu, yaani Lamu. Nilikubali kwa sharti moja: niuone kwanza kila mchezo, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti wa kamati, kijana niliyemsomesha darasa la sita, alishangaa. "Kwani Mwalimu, kazi si kusoma majina tu?"

Hapana, mwanangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa waigizaji kwenye hafla kama hiyo, mji mwingine wa mwambao. Mshereheshaji alikuwa na sauti tamu na suti ya kumeremeta, lakini hakuwa ameona hata onyesho moja. Jina la kikundi chetu alilisoma kombo. Mchezo wetu wa msiba akauita kichekesho, na ukumbi mzima ukacheka. Shoga yangu, aliyeigiza mama aliyefiwa na mwanawe baharini, alikuwa ameshaanza kuinuka. Akaketi tena, akawa anazungusha pindo la leso yake kidoleni. Alikesha miezi mitatu kwa ajili ya mchezo ule. Siku ya kusifiwa ndiyo siku aliyovunjwa moyo.

Kwa hiyo safari hii nilizunguka. Nilikwenda Mkomani, Langoni, nikavuka hadi Matondoni, wanakounda majahazi. Huko nikamwona kijana anayeigiza fundi mzee. Tezo aliazima kwa babu yake, na alipoanza kuchonga ubao, mkono wake haukuwa ukiigiza chochote. Vipande vilidondoka vyembamba kama maganda ya kitunguu. Jambo kama hilo huwezi kulisema jukwaani ikiwa umeletewa karatasi ya majina saa moja kabla.

Usiku wenyewe tuliufanyia uani mwa Ngome, baada ya sala ya isha. Ngome ile ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821, na kwa miaka mingi ilikuwa jela, hadi 1984. Mlangoni waliwekwa kina mama wenye mirashi na chetezo cha udi, na kila mwigizaji, mke kwa mume, alipewa kikuba cha asumini. Mapokezi yetu ni hayo, na yanatosha bila zulia jekundu.

Wapo waliotaka niendeshe mambo kwa Kiingereza, ati kuna wageni kutoka Nairobi. Nilikataa, na ningekataa tena. Huu ni mji wa Bwana Zahidi Mngumi, aliyejibizana kwa mashairi na Muyaka wa Mombasa wakati miji hii miwili ikigombana. Tuone haya kusema "ndooni", yaani "njooni" kwa Kiamu, mbele ya kipaza sauti? Wageni walielewa, na asiyeelewa alimuuliza jirani yake.

Hotuba za wafadhili nilizipa dakika mbili mbili. Nawashukuru kwa dhati, maana taa na viti havikodiwi kwa maneno, lakini watu walikuja kwa ajili ya waigizaji. Viti vya mbele pia niliomba wakalie wazazi wa vijana na mafundi wa nyuma ya jukwaa. Hapo palikuwa na mvutano kidogo.

Kabla ya kufungua kila bahasha, nilisema kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu kwa kila aliyeteuliwa, apate asipate. Kwa kijana wa Matondoni nilitaja yale maganda ya ubao. Babu yake akapiga goti kwa kiganja. Kwa tuzo ya maleba nilieleza jinsi mama mmoja alivyoshona kanzu za madiwani kwa mashuka ya kitanda, kwa cherehani ya miguu. Jina lake likatajwa, kiti chake kitupu. Vigelegele vilikuwa vimeshashika kasi alipotokea nyuma ya pazia, uzi ungali mdomoni: kulikuwa na mkono wa kanzu uliochanika, na kikundi kilikuwa kinasubiri kupanda. Alipokea ngao kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado ulishika sindano, na akaniomba radhi kwa hilo.

Vijana wa Langoni hawakupata tuzo hata moja. Tulipotoka nje, saa sita kasorobo, niliwakuta uwanjani Mkunguni, mbele ya Ngome, wametoa fimbo, wanacheza kirumbizi, na washindi wamewazunguka wakiwapigia makofi. Nahodha wa boti ya Shela alipiga honi mara tatu. Hakuna aliyeondoka.